Mguu mzima ndio uliokuwa mgonjwa: kisa cha mbwa mmoja wa ulinzi Nairobi

Jina la mbwa, la mwenyewe na la mtaa nimeyaondoa. Mbwa tutamwita Simba, jina ambalo ukiliita kwa sauti katika mtaa wowote wa Nairobi watakuja watatu, kwa hiyo halimfichui mtu.

Usuli

Simba ni dume aliyehasiwa, chotara wa Jamani Shepadi na mbwa wa kienyeji. Tulipokutana alikuwa na miaka 7. Anaishi kwa mwalimu mkuu mstaafu, upande wa magharibi wa jiji, kwenye nyumba yenye uwanja mkubwa. Maisha yake ni ya mbwa wengi wa ulinzi hapa kwetu: kutwa anafungiwa kibandani, saa mbili usiku anafunguliwa. Akifunguliwa tu anapiga mbio moja hadi getini, kama mita 40 za mteremko, anakata kona juu ya vigae vya baraza, anabweka, anarudi. Chakula ni ugali uliopikwa na matumbo au omena, pamoja na chochote kilichobaki mezani. Alikuwa na kilo 41.5. Kwa umbo lake, 35 au 36 zingemtosha.

Mwaka uliotangulia alianza kuchechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Kliniki ya kwanza ilimtibu homa ya kupe kwa wiki tatu za antibiotiki, doksisaiklini. Siwalaumu sana. Nairobi mbwa akichechemea, kupe ndiye mshukiwa wa kwanza, na homa hiyo kweli huweza kuumiza viungo. Lakini maumivu ya aina hiyo mara nyingi huhamahama, leo mguu huu kesho ule, na Simba alikuwa akiushikilia mguu uleule mmoja wiki baada ya wiki. Katikati ya hayo, jamaa mmoja wa familia akampa diklofenaki ya binadamu kutoka duka la dawa, siku mbili mfululizo. Alitapika, na kinyesi kikawa cheusi kama lami. Dawa hiyo, sawa na ibuprofeni, inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Simba aliponea chupuchupu.

Daktari wa pili alimlaza ubavu, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akausukuma muundi mbele. Ukateleza kama droo ya kabati. Kano ya msalaba, ile inayouzuia muundi usitoroke mbele ya goti, ilikuwa imekatika. Akapasuliwa, goti likafungwa kwa uzi wa nailoni unaopita nje ya kiungo, na kidonda kikapona bila usaha. Mimi niliitwa wiki 10 baadaye, nimsimamie mazoezi ya kuurudisha mguu.

Siku ya kwanza

Mwalimu alikuwa na swali moja tu: "Daktari, huu mguu uliopasuliwa utapata nguvu lini?"

Nilikuwa nimebeba futi ya fundi cherehani na mizani mbili za bafuni. Kucha za Simba nilizisikia kabla sijamwona, ka-ka-ka-ka juu ya vigae. Kucha zikigusa sakafu mbwa akiwa amesimama, zimezidi; vidole vinasukumwa nyuma na mbwa anakosa pa kushikia.

Nilimsimamisha, mguu wa nyuma wa kushoto juu ya mizani moja, wa kulia juu ya nyingine, miguu ya mbele juu ya vitabu vyenye unene sawa na mizani. Nikarudia mara tatu. Kushoto kilo 6, kulia kilo 10 na nusu. Mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake mbele na 40 nyuma, kwa hiyo jumla ya nyuma haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye mgawanyo. Paja la kushoto lilikuwa na mzingo wa sentimita 34, la kulia 38. Nilipomwambia akae, mguu wa kushoto aliutupa pembeni kama mtoto aliyekaa mkekani.

Hayo yote niliyatarajia. Jambo ambalo sikulitarajia nililisikia kwa mlinzi wa usiku, mzee aliyechunga ng'ombe tangu utotoni, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama kando na kofia yake mkononi.

"Daktari, huo mguu anauonea huruma, ni kweli," alisema. "Lakini mwangalie akishuka ngazi. Anauonea huruma na ule mwingine."

Tukamshusha ngazi tatu za barazani. Mzee alikuwa sahihi. Kila ulipofika mguu wa kulia, Simba alisita kidogo, muda wa kupepesa jicho, kisha akautua. Nililichunguza goti la kulia: halikuvimba, muundi haukuteleza. Kano ilikuwa bado nzima. Ila ilikuwa inabeba kazi ya miguu miwili, kwa miezi, juu ya vigae, na kilo 5 au 6 za ziada.

Ilinibidi nimweleze Mwalimu jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Kwa binadamu, hasa wachezaji mpira, kano hii hukatika kwa ajali ya siku moja. Kwa mbwa mara nyingi huchakaa polepole, uzi baada ya uzi, na siku ya kukatika huwa ni siku ya mwisho tu ya safari ndefu. Kilichochakaza kushoto kinachakaza na kulia. Karibu nusu ya mbwa waliokatika kano ya mguu mmoja hukatika na ya mguu wa pili baadaye. Mwalimu alinyamaza. Kisha akauliza kama upasuaji wa pili ungegharimu sawa na ule wa kwanza. Nikamwambia ndiyo, au zaidi.

Tangu hapo mgonjwa wangu akawa mguu wa kulia.

Uamuzi, na kwa nini

Familia ilikuwa na mpango wake: Jumamosi wampeleke msitu wa Karura akakimbie, na vijana wamtupie mpira uwanjani. Niliukataa wote. Karura yenyewe mbwa anatakiwa awe kwenye kamba, lakini hilo halikuwa tatizo langu. Kukimbiza mpira ni kuondoka ghafla, kufunga breki ghafla na kugeuka ghafla, mambo matatu ambayo goti lililochoka haliyataki. Kinachoweza kuisaidia kano ni misuli, hasa ya nyuma ya paja, ambayo huuvuta muundi nyuma, yaani hufanya kazi ileile ya kano. Misuli hiyo hujengwa kwa mwendo wa polepole. Mbwa anayekimbia huweza kuuficha mguu dhaifu. Anayetembea taratibu hana pa kuuficha.

Kabla ya zoezi lolote nilitaka vitu vinne: kucha zikatwe, kipande cha mkeka wa mpira kitandikwe kwenye ile kona ya baraza, ugali upunguzwe kwa theluthi na mabaki ya mezani yakome, na Simba asifunguliwe tena bila kupashwa mwili moto. Hili la mwisho ndilo lililoleta ubishi. Mtoto wa Mwalimu aliona mbwa wa ulinzi anayetembezwa kwa kamba kabla ya zamu ni kichekesho. Nikamuuliza kama yeye anaweza kukaa kwenye kiti kwa muda wa saa 12, kisha ainuke na kukimbia mita 40 kwenye mteremko bila kujinyoosha. Alicheka, akakubali, ingawa nadhani alikubali ili niondoke.

Swali la nani angefanya kazi hiyo lilijijibu lenyewe. Mwalimu ana magoti yake mwenyewe ya kuuguza. Mimi ningeweza kuja mara moja kwa wiki, na mara moja kwa wiki si chochote. Mzee alikuwepo kila usiku na Simba anamsikiliza. Nilisema wazi mbele ya wote kwamba hii ni kazi juu ya kazi na inastahili kulipwa. Mwalimu akamwongezea kitu kwenye mshahara. Wenzangu huona aibu kuligusa jambo hili la pesa. Mimi nimeona programu nyingi zikifa kimyakimya kwa sababu aliyetwishwa hakuulizwa.

Kulikuwa na kikwazo kidogo cha lugha pia. Mwalimu humwambia mbwa "siti", Mzee humwambia "keti", wajukuu wana lao. Tukakubaliana: "kaa". Wiki nzima ya kwanza ilikwenda kwenye neno hilo moja.

Mazoezi yenyewe

Muda ulikuwa saa moja jioni, Mzee akishaingia zamu na kabla Simba hajafunguliwa. Dakika tano za kutembea kwa kamba, dakika kumi za mazoezi juu ya mkeka wa mpira, kisha kutembea polepole hadi getini na kurudi. Hapo ndipo kamba inatolewa. Malipo ya Simba yalikuwa omena mkavu, mmoja kwa kila zoezi alilofanya vizuri. Ni mdogo, ana harufu, na hatibui hesabu ya chakula.

Wiki tatu za mwanzo mtu angepita angedhani hakuna kinachoendelea. Simba alisimama, miguu minne sawasawa kama ya meza, Mzee akamsukuma nyonga kwa vidole viwili kwenda kushoto, akashikilia sekunde tano, akaachia, kisha kulia. Halafu omena alipelekwa polepole hadi begani, hadi kiunoni, hadi katikati ya miguu ya mbele, mbwa akimfuata kwa shingo bila kuhamisha nyayo. Basi.

Zoezi nililolitilia mkazo kuliko yote ni kukaa na kuinuka. Linaonekana la kitoto, na ndilo linaloharibiwa na karibu kila mtu. Simba akiachwa peke yake alikaa kwa kujitupa, mguu wa kushoto ukatoka nje, na wakati wa kuinuka alijivuta kwa miguu ya mbele kama anayepanda ukuta. Kwa namna hiyo unaweza kumkaisha mara mia na paja lisipate kitu. Tulimpeleka kwenye pembe ya ukuta, ubavu wa kushoto ukigusa ukuta ili mguu usipate njia ya kutorokea. Mzee alishika omena karibu na pua, akamwinua omena huyo juu kidogo na nyuma, na Simba akashuka taratibu, magoti yakikunjika yote mawili pamoja. Ili ainuke, omena hakuvutwa mbele. Aliinuliwa juu, na mbwa akalazimika kusukuma kwa nyuma. Mara tano, pumziko la dakika, mara tano tena. Kufikia wiki ya nane walikuwa kwenye mara kumi, mizunguko mitatu, siku nne kwa wiki. Siku zilizobaki ni kutembea tu, kwa sababu misuli hujijenga ikipumzika.

Baadaye tukaongeza mipini mitano ya fagio, mwanzo chini kabisa, kisha juu ya matofali yaliyolazwa. Mbwa akipita polepole analazimika kuinua kila mguu na kuutua kwa kusudi. Tukaongeza kurudi nyuma, hatua tatu hadi sita, ambalo Simba alilichukia kwa dhati. Tukaongeza miguu ya mbele juu ya ngazi ya chini, ili uzito urudi nyuma, na kuinua mguu mmoja wa mbele kwa sekunde tano. Ule mteremko wa getini tuliupanda kwa kukata upande huu na ule, kama njia za Murang'a.

Mzee nilimfundisha dalili nne za kuacha mara moja: paja likitetemeka, nyayo zikianza kuhamahama, mbwa akikaa bila kuambiwa, au akipiga miayo na kulamba midomo wakati hana njaa wala usingizi.

Aliyevunja kanuni hiyo ni mimi. Wiki ya tano nilileta tyubu ya gari kutoka Grogan, kwenye maduka ya vipuri, nikaijaza upepo nusu, nikataka Simba aweke miguu ya nyuma juu yake. Alipanda mara ya kwanza tu. Mwalimu alikuwa anarekodi kwa simu, wajukuu wanapiga makofi, na mimi nikapandwa na kichwa. Paja la kushoto lilianza kutetemeka. Nililiona. Nikasema moyoni, sekunde kumi zaidi. Asubuhi yake Simba hakuutua mguu kabisa, na tukapoteza siku sita za mapumziko na dawa ya maumivu, safari hii ile ya mbwa, meloksikamu. Wiki ya kumi nafasi ya tyubu ilichukuliwa na kipande cha godoro la sponji, na tyubu yenyewe haikuhitajika tena.

Desemba

Wiki ya 14 Mzee alikwenda nyumbani kwa Krismasi. Kampuni ikaleta kijana wa kushika nafasi yake. Nilikuwa nimemwonyesha Mzee kila kitu kwa vitendo, na sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Kijana huyo hakuwa na nia mbaya. Alimpenda Simba, na alikuwa na mchezo wake: alimfundisha kusimama kwa miguu miwili ya nyuma "apige saluti" wageni wakiingia. Kwa siku tisa mbwa wa kilo 38 alisimama kwa miguu ya nyuma mara kumi, mara kumi na tano kwa siku, na usiku akafunguliwa kama zamani, bila kupashwa mwili moto. Mwalimu alinipigia tarehe 30 akisema Simba "amekuwa mzito". Nilikuta goti la kulia limejaa maji kidogo. Muundi bado haukuteleza, lakini nilishika pumzi wakati naupima.

Tukarudi mwanzo: wiki mbili za kutembea kwa kamba tu, kisha kusimama sawasawa, kisha pembe ya ukuta.

Matokeo

Kwenye mwezi wa sita wa mazoezi Simba alikuwa na kilo 36. Mizani za bafuni zilisema kushoto 7, kulia 7 na nusu. Paja la kushoto lilifika sentimita 37, la kulia likashuka kidogo hadi 37 na nusu, jambo lililomshtua Mwalimu mpaka nilipomweleza kwamba sehemu ya ile 38 ya mwanzo ilikuwa mafuta. Alikaa na miguu yake yote miwili chini yake. Miezi 14 baada ya siku ya kwanza, kano ya kulia ilikuwa bado inashika.

Uchambuzi

Niseme mapema kwamba mbwa mmoja si ushahidi. Kama nusu hukatika, nusu nyingine hawakatiki, na Simba huenda alikuwa wa fungu hilo hata kama tungekaa tukimtazama. Ninachoweza kukichambua ni kile nilichokiona kikibadilisha namna anavyotumia mwili.

Nikilazimishwa kupanga, mazoezi sitayaweka namba moja. Namba moja nitaweka zile dakika za kutembea kabla ya kufunguliwa. Kila usiku kwa miaka goti lile lilitolewa baridini na kuingizwa kwenye mbio na kona ya utelezi. Tulipouondoa mshtuko huo mmoja, ile kusita ya ngazini ilipungua ndani ya wiki mbili, kabla paja halijaongezeka hata nusu sentimita. Namba mbili ni uzito. Hapa kuna ushahidi mkubwa kuliko Simba: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata Labrador 48 maisha yao yote, nusu wakilishwa robo pungufu ya wenzao. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwafika wakiwa wamezeeka zaidi. Sisi tuliosomea udaktari wa mifugo Kabete tumezoea kuhesabu chakula cha ng'ombe kwa gramu, lakini cha mbwa tunamwachia mpishi.

Mazoezi yalikuja na kitu ambacho kamba na mizani haviwezi kukileta: mbwa alijifunza upya kuuamini mguu wa kushoto. Kadiri alivyouamini, ndivyo wa kulia ulivyopumzika. Ndiyo maana sikuwahi kuufanyia mguu wa kulia zoezi lake peke yake, na ningelirudia hivyohivyo.

Yaliyoshindwa ni yangu kwa sehemu kubwa. Tyubu ilikuwa maonyesho. Kutokuandika kulikuwa uzembe, na kungeweza kumgharimu Mwalimu upasuaji. Kuna la tatu ambalo hakuna aliyeligundua ila mimi: mpaka wiki ya tisa sikuwa nimeyagusa mabega. Mbwa aliyeikimbia miguu ya nyuma kwa mwaka mzima alikuwa amehamishia mzigo mbele, na nilipoyabonyeza hatimaye, yalikuwa magumu kama ubao. Nilitazama nilikoitwa nitazame, kosa lilelile nililokuwa namwona nalo Mwalimu. Futi nayo haifai kuaminiwa sana. Manyoya, mkao, mkono unaovuta, vyote vinahamisha sentimita moja kwa urahisi, na mara mbili nilipima bila kuweka alama mahali pa kupimia.

Sasa kuna karatasi kwenye kibanda cha mlinzi, ndani ya mfuko wa plastiki: michoro sita ya mbwa niliyoichora vibaya, zile dalili nne, na mstari mwekundu chini ya maneno HAKUNA SALUTI. Julai iliyopita, baridi ilipokaza, Simba alianza kuinuka akiwa amekakamaa, kwa kuwa goti la kushoto lina baridi yabisi na haitaondoka. Nilipopita kumwona nilikuta kwenye karatasi ile "dakika 5" za kutembea imefutwa na juu yake imeandikwa "10", kwa kalamu ya Mzee. Sikuwa nimemwambia.